Askari Aliyesahau Kiingereza

Jumanne moja mwanzoni mwa Septemba, Jedidah Wakesho alikuwa ameiloweka miguu ya Concepta Geraghty kwenye beseni la maji vuguvugu, kwa sababu kucha za mtu aliyepita miaka tisini hazikatiki zikiwa kavu. Walikuwa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kansoli, yaani ya halmashauri, huko Woolwich, London. Chini barabarani soko lilikuwa linafungwa. Muuza ndizi za kupika alikuwa anapakia makasha kwenye gari huku akizungumza na simu kwa sauti iliyofika mpaka juu. Jedidah alikuwa kea, mtunza wazee majumbani mwao, na Concepta ndiye aliyekuwa mtu wake wa mwisho kila alasiri.

"Hodi," mtu akasema nje ya mlango.

"Karibu," Jedidah akajibu bila kuinua kichwa, kama ambavyo angejibu kwao Wundanyi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ukafunguka, akaingia askari. Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye suruali fupi ya kaki, na kofia ya jua ameishika mkononi. Alikuwa ameloa chapachapa ingawa London haikuwa imeona mvua wiki nzima, na maji yaliyomtiririka yalikuwa mekundu kama ya mto uliofurika. Alivua viatu mlangoni. Jedidah akainuka, akatandika gazeti juu ya zulia, akamwonyesha mahali pa kusimama.

"Samahani kwa kuchelewa," askari akasema kwa Kiswahili. "Nimebisha hodi kwenye ngazi hizi tangu bibi huyu alipohamia hapa."

"Hawakukusikia?"

"Walinisikia. Hawakujua neno la kujibu."

Concepta alikuwa akimtazama masikio. Yalikuwa makubwa, yamechomoza pembeni, na la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Yeye mwenyewe alikuwa nayo hayo hayo chini ya mvi zake.

"Hayo masikio ni ya kwetu," alisema kwa Kiingereza. "Wewe ni Malachy."

Askari alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa nchi ya watu, kisha akamgeukia Jedidah kuuliza bibi amesema nini.

Malachy Geraghty alikufa mwaka 1917 karibu na mto Rufiji, akazikwa miongoni mwa watu wasiojua Kiingereza. Muda wa zaidi ya miaka mia bila mtu wa kuzungumza naye unatosha kuisahau lugha. Kiairishi cha mama yake nacho kilikuwa kimemtoka. Alichobaki nacho ni Kiswahili cha wapagazi, chenye maneno mengi ya amri, ya njaa na ya utani, na machache sana ya mambo mengine.

"Muulize kama atakunywa chai," Concepta alisema.

Alikunywa vikombe kadhaa. Chai ilimpitia ikashuka pamoja na maji mengine, na Jedidah akaongeza gazeti.

Malachy alikuwa ndugu wa babu yake Concepta. Alitoka kijiji kimoja magharibi mwa Ayalandi akaja Woolwich kufanya kazi ya kubeba vyuma katika karakana za silaha, na vita vya kwanza vya dunia vilipoanza akajiandikisha hapo hapo. Alipelekwa Afrika Mashariki, na habari zake zikaishia huko. Kule kwao, wakati huo, kijana aliyevaa sare ya Mwingereza hakuwa wa kuulizwa sana, kwa hiyo hakuulizwa. Mama yake alikufa akiamini kwamba alitoroka jeshi akaoa mahali. Concepta, aliyekuja London akiwa msichana na kufanya kazi ya ukunga mpaka alipostaafu, alianza kumtafuta siku aliyorudisha sare yake ya hospitali. Alikuwa amewapata kina Geraghty wengi waliokufa vitani. Hakuna aliyekuwa wake.

Mwaka huu kulikuwa na sababu ya kuharakisha. Chama cha Kumbukumbu cha Waairishi, kilichokuwa na ukumbi mwendo mfupi wa basi kutoka pale, kilikuwa kinajenga ukuta wa mawe bustanini kwa ajili ya wana wa Ayalandi waliotoka upande ule wa mto Thames wakafia vitani. Ukuta ungezinduliwa Novemba. Ili jina lichongwe, ilibidi pawe na rekodi inayoonyesha mtu alifia wapi na lini. Concepta hakuwa na uhakika wa kuiona Novemba nyingine.

"Sasa yuko hapa," alimwambia Jedidah akitoa miguu yake kwenye beseni. "Aseme mwenyewe. Mpigie Bharti."

Bharti alikuja kesho yake kutoka Tooting, na mfuko wa chevda, vitafunio vya Kihindi, mkononi, kwa sababu hakupenda kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Kisumu, na alijitolea kuzisaidia familia kufuatilia rekodi za askari. Yeye na Concepta walikuwa wamelitafuta jina hilo pamoja miaka mingi. Alivuta kiti, akamsalimu askari, akatoa miwani.

"Ulifia wapi hasa, bwana?"

"Kusini ya Utete. Nilikuwa kwenye machela. Tulikuwa tunaitafuta hema ya hospitali, na maji yalikuwa yamefika kifuani."

"Tarehe?"

"Tarehe hatukuwa nayo," Malachy alisema. "Tulikuwa na njaa."

Hayo yalimtosha Bharti. Kabla hajapajua mahali, alikuwa anatafuta sindano kwenye majani. Alipopajua, alikwenda kwenye jumba la nyaraka, akaomba kumbukumbu za madaktari wa kambi za Rufiji, na wiki ile ile akarudi Woolwich na nakala ya ukurasa mmoja. Aliuweka mezani mbele ya Concepta, akamwekea kidole kwenye mstari.

Mstari ulisema kwamba askari M. Garrity amefia njiani kwa kuhara damu, na wapagazi wawili.

"Garrity," Concepta alisema.

"Mwandishi alisikia vibaya. Namba yake ya jeshi ni ya Malachy, nimeihakikisha. Kosa la tahajia linarekebishika, Concepta. Fomu ipo."

Concepta akamshika Bharti mkono, asiuachie. Alilia kidogo, kwa namna ya mtu asiyependa kuonekana akilia, yaani akilalamika kwamba dirisha limeachwa wazi. Jedidah akalifunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari.

Malachy alikuwa amesimama juu ya magazeti yake. Aliomba mstari wote usomwe kwa Kiswahili. Bharti akausoma.

"Na wapagazi wawili," Malachy alirudia. "Majina yao?"

"Hayapo."

"Hata yaliyokosewa?"

"Hata yaliyokosewa."

Maji yalidondoka kutoka kwenye pindo la suruali yake.

"Dada Jedidah," alisema, "mwambie mjukuu wangu nisiandikwe. Wale walionibeba wanaitwa Kitheka na Ondiege. Tumelala shimo moja. Wakiandikwa wao, na mimi niandikwe. Wasipoandikwa, mimi niacheni huko huko."

"Amesema nini?" Concepta aliuliza. Uso wake ulikuwa bado umelowa, na ulikuwa na furaha ambayo Jedidah hakuwahi kuiona kwa miaka yote ya kumwogesha na kumvisha.

Jedidah akachukua taulo. Angeweza kusema kwamba askari anashukuru. Malachy asingejua, Concepta angelala usingizi mzuri, na Bharti alikuwa mtu wa busara ambaye angeangalia pembeni. Alilipima jambo hilo moyoni muda wa kukunja taulo. Kisha akakaa kitandani karibu na Concepta akamwambia kila neno kama lilivyosemwa.

Concepta akageukia ukutani. Jioni hiyo hakula.

"Miaka yote nimemtafuta," Concepta alisema, Jedidah alipokuwa anavaa koti aondoke, "sasa ananiletea masharti."

"Si masharti, Mama Concepta. Anasema wako shimo moja."

"Unawatetea kwa sababu ni watu wenu."

"Kitheka ni Mkamba. Ondiege ni Mjaluo. Mimi Mtaita. Watu wetu bado hawajafika."

Alasiri iliyofuata Malachy alikuja na wenzake. Kitheka alikuwa bado na mti wa machela begani, na haukupita kwenye kona ya ngazi mpaka jirani wa ghorofa ya pili alipotoka kumsaidia kuuinamisha. Bega lake la kulia lilikuwa na mfereji, mahali mti ulipozoea kukaa. Ondiege alikuwa mtu mfupi mwenye kicheko cha karibu. Shingoni alivaa kibati kilichofungwa kwa kamba. Concepta akaomba akisome. Palikuwa na namba, jina halikuwepo.

Alikuwa amekusudia kuwanunia. Lakini alikuwa mkunga, na macho yake yakashuka yenyewe kwenye miguu yao. Ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, na alipomwomba Ondiege asogee akambonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Muulize walikuwa wanakula nini," alimwambia Jedidah.

"Unga, mpaka ulipooza," Ondiege alijibu. "Kisha huo uliooza. Kisha mizizi."

"Na mizigo walibeba?"

"Mizigo haikupunguzwa, mama."

Concepta akauachia mguu wake. Akauliza swali ambalo Jedidah aliona lilikuwa limemkaa rohoni siku nyingi: Malachy alikufa vipi.

Malachy mwenyewe hakukumbuka, kwa hiyo Ondiege ndiye aliyeeleza. Jioni ile askari alianza kusema lugha ambayo hawakuwahi kumsikia akiisema. Haikuwa ile ya maofisa. Wakajua anamwita mama yake, kwa sababu jambo hilo husikika kwa lugha yoyote. Walimweka machela juu ya kichuguu, mahali pekee palipokuwa pakavu. Aliendelea kuita. Basi Ondiege akamjibu kwa Kijaluo, akijifanya ndiye mama.

"Ulimwambia nini?" Concepta aliuliza.

"Nilimwambia alale, uji unachemka. Nilimwambia nitamwamsha ukiiva. Akatulia."

"Halafu?"

"Halafu nikafa mimi. Kitheka akachimba."

"Na wewe?" Concepta alimgeukia Kitheka, ambaye hakuwa msemaji. "Wewe nani alikufukia?"

Jedidah akatafsiri. Kitheka akauhamisha mti kutoka bega moja hadi jingine.

"Mvua," alisema.

Mezani palikuwa na biskuti za tangawizi ambazo Concepta alimficha kila mtu, hata binti wa dada yake aliyezinunua. Alisukuma sahani yote mbele yao. Kisha akamwambia Jedidah amtolee koti lake jeusi kabatini na kulipiga pasi, kwa sababu Jumamosi kamati ya Chama ilikuwa inakaa.

Walikwenda kwa basi. Dereva alishusha daraja la kiti cha magurudumu, Jedidah akampandisha Concepta, na wafu watatu wakafuata nyuma. Hawakuwa na kadi za nauli. Dereva alitazama mti wa machela, akawaashiria wapite haraka kwa sababu gari lilikuwa limechelewa.

Katibu wa Chama, Dermot Feeney, alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mstaarabu. Aliagiza viti viongezwe, akamimina chai kwa mikono yake, na alipofika kwa Malachy akamwinamia kwa heshima na kusema kwamba Chama kinafarijika kumpokea nyumbani. Akasoma nakala ya Bharti, akakubali pale pale kwamba Garrity ni Geraghty, na kwamba jina litachongwa. Wanakamati wakapiga makofi kidogo.

Ndipo Concepta akasema kwamba majina ni matatu.

Feeney alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Alisema anaelewa, tena kwa moyo wote, lakini kuna mambo ya kuzingatia. Ukuta ni wa wazaliwa wa Ayalandi. Hata kama jambo hilo lingelegezwa, inahitajika rekodi yenye jina. Na hata kama la pili nalo lingelegezwa, mtu kujitajia jina baada ya kufa hakukubaliki kama ushahidi, kwa kuwa ana maslahi katika suala lenyewe.

"Mmemkubali Malachy, na jina lake kwenye hiyo karatasi limekosewa," Jedidah alisema. Hakuwa amepanga kuzungumza. Shirika lililomwajiri halikupenda kea aingilie mambo ya watu anaowahudumia, na alilijua hilo vizuri. "Kwa nini hawa wasikubaliwe?"

"Kwa sababu kosa nalo ni maandishi, Bi Jedidah. Tunaweza kulisahihisha. Hawa hawana hata kosa."

Mwanakamati mmoja alipendekeza, kwa nia njema, kwamba chini ya jina la Malachy pachongwe maneno "na wengine". Feeney aliona ni wazo zuri. Alimwomba Jedidah amweleze Malachy, na Jedidah akamweleza.

"Mwambie," Malachy alisema, "sikubebwa na mtu yeyote anayeitwa Wengine."

Feeney aliandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano. Kisha akawashauri waiandikie ofisi ya serikali inayohusika na mambo ya namna hiyo, ambayo bila shaka ingewasaidia, na akawasindikiza mpaka kituoni akiwa amemshikia Concepta mwavuli, kwa sababu sasa mvua ilikuwa imeanza.

Jedidah akaiandikia ofisi. Aliandika kwenye basi akienda kazini, akaandika tena jikoni kwa Concepta wakati viazi vinachemka, akiwauliza Kitheka na Ondiege majina ya baba zao na ya vijiji vyao. Bharti akampa maneno ambayo maofisa hupenda kuyaona. Jibu lilikuja mapema kuliko walivyotarajia, likiwa na lugha nzuri. Lilisema kwamba rekodi za watu hao hazikuhifadhiwa, na kwamba kwa kukosekana kwa rekodi hakuna kinachoonyesha kwamba walikufa. Jedidah akakata rufaa. Wakati Concepta alipomwambia apumzike, alisema atapumzika, na akaandika nyingine.

Oktoba fundi alianza kuchonga. Alikuwa Mkongo wa Tottenham aitwaye Gires, mzaliwa wa Bukavu, aliyesifika kwa mkono wake. Alilichonga jina la Malachy Geraghty kati ya majina mawili mengine, akalipangusa vumbi, akaenda nyumbani. Asubuhi alilikuta jiwe limekuwa laini kama siku lilipotoka kiwandani. Majina ya kushoto na kulia yalikuwa mahali pake. Akachonga tena, kwa kina zaidi. Asubuhi, laini. Mara ya tatu alimkuta Malachy mwenyewe amesimama pale akiwa ameweka kiganja juu ya herufi, maji mekundu yakishuka ukutani, herufi zikiondoka nayo kama chumvi.

Gires akaulizia, akaelekezwa Woolwich.

"Mama, huyu mutu anataka nini?" alimuuliza Jedidah mlangoni. "Niliandika jina yake muzuri."

Jedidah akamkaribisha ndani, akamweleza yote. Gires alimtazama Kitheka, akautazama mti, akauliza kama anaweza kuushika. Aliuweka begani kwake na kutembea nao kutoka dirishani mpaka mlangoni. Bukavu alikuwa na babu wa babu ambaye naye aliondoka na mti wa namna hiyo. Alikula chakula, akaaga, hakusema anakwenda kufanya nini.

Alhamisi asubuhi alipiga simu. Jedidah alimvisha Concepta koti jeusi juu ya gauni la kulalia, wakapanda basi.

Yalikuwepo yote matatu, moja chini ya jingine: Malachy Geraghty, Kitheka wa Muli, Ondiege wa Asembo. Herufi zilikuwa sawa kwa ukubwa. Gires alikuwa ameyachonga juzi na yalikuwa yamelala ukutani hapo bila kuguswa na maji. Concepta aliomba kiti chake kisogezwe mpaka magoti yaguse jiwe. Alipitisha kidole ndani ya kila herufi ya jina la kwanza. Kisha akafanya hivyo kwa la pili, ambalo lilikuwa gumu kwake kulitamka, na kwa la tatu. Ondiege alikuwa amesimama nyuma yake na alitaka kujua mwanzo wa jina lake ni upi. Concepta akamwonyesha.

Kamati iliitwa kwa dharura jioni ile. Feeney aliwaeleza kwa uaminifu kwamba jiwe linakataa jina moja na linakubali matatu, na kwamba hilo lilikuwa limethibitishwa. Walijadili kwa utulivu. Hakuna aliyesema neno baya juu ya wapagazi. Mwishowe waliona kwamba wakiwaruhusu wawili, hawatakuwa na hoja ya kuwazuia waliobaki, na mawe ya London yote hayatatosha. Wakaamua kufuata kanuni. Gires aliambiwa kazi yake imekwisha, akashukuriwa.

Mafundi wengine walikuja na mashine ya kusagia mawe, kuyafuta majina. Walimkuta Concepta amekaa mbele ya yale majina, breki za kiti zimefungwa, blanketi magotini, Jedidah amesimama kando yake. Alikuwa amemwomba Jedidah amlete mapema kabla hata walinzi hawajafungua bustani vizuri. Mafundi walikuwa vijana wenye adabu. Walimuuliza kama angependa chai.

"Hapana," Concepta alisema. "Na siondoki."

Wakazima mashine, wakakaa juu ya ndoo zao. Mchana ukapita. Feeney alikuja, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwamba yeye binafsi anasikitika. Concepta alimwambia aende akasikitikie mahali pengine. Malachy na wenzake walikuwa wameketi kwenye nyasi, mti wa machela umelala mbele yao, wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu bei ya ng'ombe.

Walisubiri mpaka saa ya dawa zake. Midomo ya Concepta ilianza kubadilika rangi, na dawa za moyo zilikuwa nyumbani kwa sababu hakuna aliyedhani wangekaa muda wote huo. Jedidah alimtazama, akamtazama Ondiege. Ondiege akaashiria kwa kichwa kwamba wamwondoe mgonjwa. Jedidah akafungua breki. Hawakufika hata kwenye lango kabla hawajasikia mashine.

Ukuta ulizinduliwa Novemba kwa zumari na maua. Palikuwa na nafasi tupu katikati, ya majina matatu, laini kuliko jiwe jingine, na wageni walipouliza waliambiwa ni hitilafu ya jiwe. Nafasi hiyo ilikuwa inaloa kila asubuhi. Baadaye Chama kilitundika hapo bango linaloonyesha mahali pa kukusanyika moto ukitokea, kwa kuwa sheria ilihitaji bango, na mahali pengine pote palikuwa na majina.

Concepta hakufa majira yale ya baridi, ingawa daktari alikuwa amewaandaa. Alisema ana kazi. Alikuwa amemfanya Jedidah amfundishe kutamka jina la Kitheka mpaka mwenyewe aliporidhika, na ofisi ilipojibu rufaa kwa kusema kwamba suala limefungwa, alimwamuru Bharti atafute namna ya kulifungua. Bharti alisema namna haipo. Wakaandika hivyo hivyo. Barua zilikwenda, majibu yakarudi, yote ya heshima, yote yakisema rekodi hakuna.

Ilikuwa Februari, siku ya kawaida ya upepo, Jedidah aliposhuka kwenye basi akaona foleni imeanzia kituoni. Watu walikuwa wamesimama mmoja mmoja kando ya ukuta wa jengo, wengi wao wembamba, baadhi na masanduku ya risasi kichwani, baadhi na magunia, baadhi na miti ya machela, wote wameloa. Habari ilikuwa imefika huko chini kwamba Woolwich kuna nyumba wanamouliza majina. Akina mama waliotoka sokoni waliwazunguka na vikapu vyao. Basi lililofuata lilisimama, dereva akasubiri wapande, hakuna aliyepanda, akafunga mlango akaenda. Jedidah hakuwahesabu. Walikuwa wameshahesabiwa vya kutosha walipokuwa hai.

Alipita kando yao akisalimia, ngazi zote tatu, mpaka juu. Concepta alikuwa ameshavaa miwani na ameamuru meza isogezwe karibu na mlango. Malachy alikuwa akitandika magazeti. Bharti alikuwa ametuma ujumbe kwamba yuko njiani na karatasi zaidi.

Jedidah alivua koti, akampa Concepta dawa zake za alasiri na maji, akahakikisha amezimeza. Kisha akavuta kiti, akachukua kalamu, akamwita mtu wa kwanza aingie. Alikuwa mzee kidogo, na mzigo ulikuwa umeiinamisha shingo yake upande.

"Utue kwanza," Jedidah alimwambia.

Mzee akautua mzigo. Jedidah akamuuliza jina lake, akalirudia mpaka mzee aliporidhika na jinsi anavyolitamka. Kisha akamuuliza jina la baba yake pia, ili asije akachanganywa na mwingine.